Nilijizoeza kuzaa bila dawa ya maumivu, nikiwa peke yangu Donholm

Niaje wakuu. Mimi ni msomaji tu humu. Miaka mitatu nasoma nyuzi za watu bila kuacha hata comment moja. Leo nimeamua kuandika. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokuwa mjinga nitasema.

Ni ndefu kidogo. Na mnivumilie kwa typing, naandika na mkono mmoja, ule mwingine una mtu.

Nina miaka ishirini na tisa. Nakaa Donholm, ghorofa ya nne. Kwetu ni Kitui. Ni karani kwa shule ya udereva, ile kazi ya kuandikisha wanafunzi na kuwapigia simu wakikosa masomo. Mume wangu, tumuite Musyoka, anaendesha malori ya safari ndefu. Akitoka na mzigo anaweza kukaa wiki tatu, saa zingine tano.

Ni mtu mzuri. Nasema hii mapema kwa sababu najua comments zitaanza na yeye.

Sasa, kliniki yangu ilikuwa hospitali ya serikali. Ile sindano ya mgongo ya kuua uchungu, huko haipo. Nilipouliza, nesi hakunicheka. Alisema tu hapa mama huzaa na nguvu zake, halafu akanifunga kile kitambaa cha kupima presha.

Mtandaoni wanaita natural birth. Kuna mishumaa, kuna beseni kubwa la maji ya uvuguvugu. Huku Eastlands tunaita kuzaa.

Lakini nikajiambia, kama ndivyo itakavyokuwa, basi nijiandae kabisa. Na hapa lazima niwaambie kuhusu mama yangu, la sivyo hamtaelewa.

Mama alifariki mwaka mmoja kabla nipate hii mimba. Alizaa watoto wanne, wote nyumbani. Na kwa ukoo wetu kuna hadithi moja inayosemwa kumhusu, kwamba hakuwahi kutoa sauti. Ati majirani walikuwa wanajua kuna mtoto wakisikia mtoto mwenyewe akilia. Hata kwa mazishi mzee mmoja alisimama akaisema, na watu wakatikisa vichwa.

Mimi ndiye kitinda mimba wake. Sikuwahi kumuuliza yeye mwenyewe. Nilidhani muda upo.

Kwa hivyo nilikuwa najiandaa kuzaa, na pia nilikuwa najiandaa kunyamaza. Hiyo ya pili sikumwambia mtu.

Miezi mitatu ya mwisho nilifanya hivi. Asubuhi kabla ya kazi napanda na kushuka ngazi zetu mara tatu, nikishika reli. Jioni nachuchumaa nikishikilia mlango wa kabati. Halafu mazoezi ya pumzi, unavuta ukihesabu mpaka nne, unaachilia ukihesabu mpaka sita. Nilikuwa nahesabu kwa sauti kwa sababu nikihesabu kimoyomoyo akili inatoroka.

Halafu barafu. Hii nilitoa kwa video. Unashika barafu kwa kiganja dakika nzima huku unapumua pole pole, ndiyo mwili uzoee kutopigana na maumivu. Nilikuwa nachukua kwa duka la chini. Mwenye duka alidhani ni tamaa za mimba, siku zingine ananiwekea kabla nifike. Sikumsahihisha.

(Wadada, kabla niendelee. Kazini kuna mtu alinielekeza kwa mama mmoja wa Majengo anayeuza dawa ya kunywa ili uchungu uende haraka. Nesi aliniambia wazi nisiguse, kwamba zinaweza kubana kizazi vibaya na kumuumiza mtoto. Sikugusa. Nanyi msiguse.)

Shida ya hizo video ni moja tu. Ndani yake kuna watu wawili.

Kila ukifika mahali fulani, yule mwalimu anasema sasa mwenzako akukande kiuno. Au mwenzako asimame mbele yako umwekee mikono mabegani. Mara ya kwanza nilisimamisha video nikaangalia sebule yangu. Kulikuwa na kiti, na pasi niliyosahau kuirudisha.

Nikatafuta njia. Nilichukua chupa ya soda, nikaijaza maji ya moto, nikaiweka kati ya kiuno na ukuta, nikawa naisukuma huku na huku. Inasaidia sana, siwadanganyi. Lakini ukuta haukuulizi kama hapo ndipo panauma.

Musyoka alikuwa ananitumia voice note kila alipopata network. Anauliza nimekula nini, mtoto amecheza. Nyuma yake unasikia injini. Nilikuwa nazisikiliza mara mbili, ya kwanza kwa maneno, ya pili kwa sauti tu.

Dada yangu yuko Uarabuni, kazi za nyumba. Kaka zangu ni kaka. Utamwambia nini kaka yako kuhusu mambo haya?

Kliniki ya wiki ya thelathini na sita, nesi akaniuliza siku hiyo nitakuja na nani. Nikasema na bwana yangu. Akaandika. Na mimi nilijua vizuri Musyoka hiyo wiki atakuwa mpakani, kwa foleni ya malori, akingoja makaratasi.

Kwa nini nilidanganya? Nafikiri niliona aibu. Kuzaa bila dawa hakukunitia aibu. Kukosa mtu ndiko kulikonitia.

Kwa mlango unaotazamana na wangu kunakaa mama mmoja wa kutoka Kakamega. Ni wa miaka sitini hivi, amestaafu, zamani alikuwa tarishi kwa ofisi za serikali. Tumekaa mkabala miaka miwili na mazungumzo yetu yote ukiyaweka pamoja hayajazi ukurasa. Habari ya asubuhi mama. Mzuri. Maji yamekuja? Bado. Basi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Niliamka saa kumi na mbili na maumivu ya kiuno yanayokuja na kwenda. Nikapika uji, nikanywa, nikafua hata zile nguo chache zilizobaki. Nilipofika rooftop kuanika, moja ikaja ikanisimamisha na shati la Musyoka mkononi. Nikapumua. Nne, sita. Ikapita. Niliona fahari, jameni. Nikajiambia, kumbe ninaweza.

Mpaka saa tano nilikuwa sawa. Nilikuwa naandika saa kwa daftari. Kila dakika kumi, kila nane. Natembea sebuleni, nainamia meza, nasukuma chupa yangu kwa ukuta. Nilikuwa nimeshika taulo kwa meno nisitoe sauti. Kwa nani, hata sijui. Nyumba ilikuwa tupu.

Musyoka nilimpigia mara nne. Hapatikani.

Saa sita na kitu nikampigia aunty Ndinda, mdogo wa mama, yuko Kitui. Nilitaka tu mtu wa familia ajue. Nikamwambia imeanza, na kwamba niko sawa, sijalia, nitakuwa kama mama.

Halafu akauliza, "Nani alikwambia mama yako hakulia?"

Nikasema watu wote.

"Watu wote walikuwa nje, Mwende. Mimi nilikuwa ndani."

Wakuu, nilikaa chini.

Akanieleza pole pole. Kwamba mama alilia kwa watoto wote wanne. Kwangu alilia zaidi kwa sababu nilikuwa mkubwa na nilikuja uso juu. Majirani hawakusikia kwa sababu mashamba yetu yako mbali na mbali, na baadaye wazee wakapenda hiyo hadithi, na mama akawaachia. Ati alimshika aunty mkono kutoka asubuhi mpaka nikatoka. Aunty alipotaka kwenda kuchota maji, mama alimwambia maji yangoje, yeye asitoke.

Halafu akaniuliza, "Uko na nani hapo?"

Nikasema niko na jirani.

Akasema vizuri, mwambie nasema asante.

Nilikata simu nikabaki nimeiangalia. Nimedanganya nesi, sasa nimedanganya aunty, na uchungu uliofuata ukanipata nimepiga magoti kwa mlango wa jikoni. Hiyo moja hesabu ilikataa kabisa. Nilifika mbili nikapotea. Na hapo ndipo niliogopa kwa mara ya kwanza, kuogopa kwa kweli. Nilijua siku bado ni ndefu na mimi tayari nimeisha.

Nikainuka. Nikavuka korido. Ni hatua nne kutoka mlango wangu mpaka wake. Nikagonga.

Alifungua na nywele zimesukwa nusu, upande mmoja mistari, upande mwingine zimesimama. Binti mmoja wa salon alikuwa ameketi nyuma yake na chanuo. Nilikuwa nimepanga kusema samahani mama, kama una nafasi. Nilishika tu fremu ya mlango.

Akaniangalia tumbo, akaniangalia uso. Akaingia ndani, akarudi amefunga leso kichwani juu ya zile nywele nusu, akamwambia yule binti afunge mlango akimaliza kukusanya vitu. Akanisindikiza kuchukua bag yangu.

Kwa teksi ndipo aliniuliza, "Kwani wewe jina lako ni nani?"

Nikamwambia. Akasema yeye ni Mama Vivian, Vivian ameolewa Eldoret. Halafu akaongea akiangalia dirishani, si mimi.

"Nilikuwa nakusikia ukihesabu. Jioni. Ukuta wa korido ni mwembamba. Nilidhani ni mtu analia. Nilikuja mpaka mlangoni kwako mara mbili."

Nikamuuliza kwa nini hakugonga.

"Niliona utasema huyu mama anajipenyeza."

Uchungu mwingine ukaja, na safari hii nilishika mkono wake badala ya mlango wa gari. Nilimkwaruza. Alama niliiona kesho yake.

Hospitali wanaruhusu mtu mmoja tu. Nesi wa mapokezi alimuuliza Mama Vivian yeye ni nani wangu. Mimi Mkamba mwembamba, yeye Mluhya mwenye mwili. Akasema, "Mama yake." Nesi akatuangalia, akaandika.

Nataka niwe mkweli kuhusu yaliyofuata. Mama Vivian hakuwa mkunga wala nini. Alikuwa na wasiwasi kuliko mimi. Hakujua kukanda mgongo, alikuwa anafinya juu mno mpaka nikamwonyesha. Na mtu akiwa na wasiwasi huongea. Alinihadithia ugomvi wote wa kikundi chao cha kanisa kuhusu viti vya plastiki vilivyokopeshwa harusi vikarudi vimevunjika. Nani alisema nini, nani alinuna. Nilikuwa nasikiliza kati ya uchungu na uchungu. Mpaka leo najua hiyo kesi yote.

Pumzi zilinisaidia. Ngazi zilinisaidia, miguu ilikuwa na nguvu, nilitembea wodi nzima mpaka jioni. Ile barafu sina uhakika.

Kunyamaza hakukunisaidia hata kidogo. Nilipofika karibu mwisho nililia. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Niliita mama. Mama Vivian akaitika "nipo", na sikuwa naita yeye, na alijua, na akaitika tu kila mara. Nesi akaniambia nilie nikitaka lakini nisifunge pumzi, nisukume akiniambia.

Msichana alizaliwa kabla ya saa moja jioni. Alikuja uso chini, vizuri kabisa. Alipiga kelele kabla hata hajatoka kabisa.

Jina lake ni la mama ya Musyoka, kama desturi yetu. Mama yangu atangoja wa pili, Mungu akitupa.

Saa za wageni zilipoisha Mama Vivian akafukuzwa na askari wa geti pamoja na wengine. Nikabaki na mtoto. Kila kitanda jirani kilikuwa na simu inayoita, watu wakicheka, wakiulizana amefanana na nani. Musyoka bado hapatikani. Nilimtumia picha, ikakaa na tiki moja. Hiyo saa, wakuu, ndiyo ilikuwa ngumu kuliko uchungu. Nilikuwa na habari kubwa kuliko zote za maisha yangu na mtu niliyetaka kumpa hayuko duniani, na yule mwingine hana network.

Picha ilifika asubuhi. Alinipigia akilia barabarani, lori ameliweka kando.

Mtoto sasa ana wiki saba. Musyoka alikuja, akakaa siku kumi na mbili, akaondoka tena. Kazi ndiyo hiyo. Mama Vivian huja mchana siku zingine, siku zingine haji, ana maisha yake. Mchana bado ni mrefu. Sitawaambia upweke uliisha, haukuisha. Lakini sasa kuna mlango ninaoweza kugonga bila kupanga maneno.

Nilichojifunza ni hiki. Jiandae na pumzi, jiandae na miguu, uliza kliniki maswali yote hata ukionekana msumbufu. Lakini tafuta mtu mapema. Si lazima awe bwana, si lazima awe wa damu, si lazima ajue chochote. Mwambie tarehe yako. Mimi niliacha hilo mpaka siku yenyewe, na kama yule mama angekuwa ametoka kwenda sokoni sijui ningeandika nini leo.

Na zile hadithi za wamama ambao hawakulia, waulizeni waliokuwa ndani.

Waliopitia hii wacheni experience zenu hapa, hata wababa. Matusi kwa Musyoka sitajibu.

Na kama una mimba sasa hivi, uko mahali Umoja, Kayole, Dandora, popote, na swali la utaenda na nani hulijibu vizuri, usijieleze sana. Andika tu wiki na mtaa. Anayekaa karibu atakuona.