Mstari Usiopuliziwa Dawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa penseli. Nilikuwa nimeshuka treni Kilosa asubuhi na sanduku langu la bati, shati limepigwa pasi, na mfukoni nina kalamu ya wino niliyozawadiwa na mjomba kwa kumaliza chuo cha kilimo. Mkuu wa Kituo, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, aliitazama ile kalamu, akafungua droo, akanipa penseli na daftari lenye jalada gumu.

"Wino ukinyeshewa unakimbia," alisema. "Penseli haikimbii. Na ukikosea, usifute. Kata kwa mstari mmoja ili kosa lisomeke, halafu andika sahihi pembeni. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Anayefuta anawadanganya watu ambao hajawaona."

Nilidhani ananionea kwa ugeni wangu. Siku hizi vijana wanakwenda shambani na vishikwambi, nami huwatania kwamba chaji ikiisha na akili imeisha. Wao hunijibu kwamba daftari zangu zililiwa na mchwa. Ni kweli, mbili zililiwa. Lakini ile ya hadithi hii ipo, na imenikosesha raha kwa miaka mingi.

Kituo chetu kilikuwa na nyumba tatu, kitalu cha miche na pikipiki moja iliyokuwa inawaka ikipenda. Watu wa tambarare walilima mahindi, mpunga na ufuta, na wafugaji walipita na ng'ombe wao. Kakao ilikuwa mgeni. Huko chini jua lingeiua, lakini kwenye mabonde ya milimani, juu ya mji, kuna vijito visivyokauka na migomba inayotoa kivuli, na kakao hupenda kukaa kivulini mguu ukiwa na unyevu. Kazi ya kituo ilikuwa kutafuta njia ya kuifanya izae vizuri huko. Mimi nilikuwa msaidizi wa utafiti wa shambani, cheo kirefu kwa kazi ya kuhesabu. Nilihesabu maua, nikahesabu matunda machanga, matunda yaliyotobolewa na kindi, yaliyofyonzwa na wadudu, na zaidi ya yote yaliyooza.

Kuoza ndiko kulikotutesa. Wakati wa mvua doa dogo la kahawia hutokea kwenye ganda la tunda, na baada ya siku chache tunda zima ni jeusi. Likiachwa mtini, matone ya mvua huchukua vimelea na kuvirusha kwenye matunda ya jirani. Mkulima anaweza kwenda msibani wiki mbili akarudi amepoteza nusu ya mti.

Mkubwa wangu wa pili alikuwa Mtafiti wa Magonjwa ya Mimea, tuliyemwita Dakta. Alikuwa mtu wa haki, niseme hivyo mapema, asije msomaji akamtwisha mzigo wangu. Alipanga jaribio kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Katika kila shamba mstari mmoja wa miti tuliupulizia dawa ya shaba kwa bomba la mgongoni, na mwingine hatukuugusa kabisa. Huo tuliuita mstari wa ulinganisho. Usipouacha uugue wenyewe, huwezi kujua dawa imefanya nini. Upi upate dawa na upi uachwe haikuwa hiari ya mtu: tuliandika vikaratasi, tukavitia kwenye kofia ya Dakta, na mwenye shamba akachomoa. Waliofuata masharti hadi mwisho waliahidiwa miche ya kubebesha, yaani kikonyo cha mti bora kilichounganishwa juu ya shina gumu. Miche hiyo haikuwa ikipatikana popote pengine wilayani.

Miongoni mwa wakulima hao alikuwapo Mama Zuhura, mjane aliyenizidi kama miaka kumi na tano. Shamba lake lilitoka upande wa mama yake, kama ilivyo desturi ya milima ile, ambako ardhi hufuata tumbo. Juu ya shamba palikuwa na makaburi ya ukoo, na njia ya kwendea ilipita kando ya mstari wa mwisho wa miti. Siku ya kofia alichomoa kikaratasi akanipa nimsomee, maana hakwenda shule. Kilisema mstari wa mwisho uachwe.

"Huu wa njiani?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama. Usiguswe kabisa."

Aliangalia juu kule makaburini, kisha chini. "Haya," alisema.

Nikaandika kwamba mkulima ameridhia. Nimekaa na watu wa kule vya kutosha sasa kujua kwamba "haya" ya namna ile si kuridhia. Ni mtu aliyekataa kukuaibisha mbele ya wakubwa wako.

Msimu wa kwanza mashamba mengine yote yalionyesha tulichotarajia: penye dawa nafuu, pasipo dawa uozo mtupu. Kwa Mama Zuhura mistari yote miwili ilikuwa safi, na tofauti kati yake ilikuwa ndogo mno. Tukasema labda ni upepo wa bonde lile. Msimu wa pili ukawa vilevile. Dakta alilisogeza daftari langu karibu na dirisha, akasoma, akalifunga.

"Huyu mama anapulizia mwenyewe," alisema. "Nenda bila kumpa taarifa. Uniletee ukweli."

Nilikwenda Alhamisi alasiri. Kwa kawaida nilihesabu Jumatatu, kwa hiyo hakunitarajia. Nilimkuta kwenye mstari wa njiani na kisu kirefu na kikapu, anakata kila tunda lenye doa, hata lenye doa dogo kama kucha. Chini ya mteremko palikuwa na shimo. Alimimina kikapu humo, akamwagia jivu la jikoni, akafukia kwa jembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja siku isiyo yako."

"Mama, mstari huu tulikubaliana usiguswe."

"Dawa yenu sijaitia hata tone."

"Na hayo matunda?"

"Yaliyooza nimeyatoa." Alijipangusa mikono kwenye kanga. "Kesho Ijumaa. Ndugu zangu watapita hapa kwenda kumsomea mama dua. Shamba ni lake. Nimpitishie watu kwenye uozo, waseme binti yake amekuwa mvivu? Kila Alhamisi nayatoa, tangu mwanzo. Ninyi mngeniuliza ningewaambia."

Nilifungua daftari. Aliponiona nimeshika penseli uso wake ulitulia, akasogea karibu.

"Andika basi," alisema. "Andika kwamba nayatoa kila Alhamisi na kuyafukia. Wajue sikuiba dawa."

Nikaandika. Aliniuliza kama nimeandika, nikamwambia nimeandika. Nilichokuwa nimeandika ni hiki: *Takwimu hazifai. Mkulima amekiuka masharti.*

Kosa langu lilikuwa hapo. Nilitumwa kuleta ukweli, na ukweli ulikuwa umesimama mbele yangu na kikapu. Mwanamke mmoja, kwa kisu na jembe, alikuwa amezuia uozo karibu sawa na dawa yetu yote. Mtoto wa darasa la nne angemuuliza: unakata tunda likiwa na doa la ukubwa gani, shimo unalichimba umbali gani, kwa nini jivu? Mimi nilikasirika kwa ajili ya mistari yangu. Nilirudi nikamwambia Dakta kwamba mkulima ameharibu jaribio, na Dakta, ambaye hakuwa na macho kule isipokuwa yangu, akasema shamba lile liondolewe.

Miche ya kubebesha ilipofika, lori liliishusha kwa wengine. Kwa Mama Zuhura halikusimama. Kijijini wakasema ameichezea kazi ya serikali, na wapo waliosema kwa sababu yake huenda watafiti wasirudi tena. Yeye hakuja kituoni kulalamika. Tulipokutana sokoni Kilosa nilimwamkia, akaitikia, akaniulizia watoto wangu.

Baadaye nilihamishiwa Mikumi, kwenye kitengo kidogo cha usindikaji kando ya barabara kuu, jirani na malori yanayolala njiani. Huko niliijua kakao baada ya kutoka shambani. Nilijifunza kuvundika, yaani kuziacha mbegu na utelezi wake ndani ya sanduku la mbao, zimefunikwa majani ya mgomba, zipate joto kwa siku kadhaa mpaka uchungu upungue. Nilijifunza kipimo cha kukata: unapasua mbegu kavu katikati na kuangalia rangi yake ndani, kahawia ni nzuri, ya zambarau haijaiva. Tulijaribu kutengeneza chokoleti, na joto la Mikumi likaigeuza uji kabla abiria hajalipa. Unga wa kakao na sharubati ya utelezi wake vilifanya vizuri zaidi, ingawa abiria wa Iringa aliendelea kupenda karanga.

Mkuu wa Kitengo alikuwa mwanamke wa umri wa kuwa binti yangu. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo, kisha akanipangia kazi, na sikuona ubaya katika lolote kati ya hayo mawili. Tatizo lake lilikuwa mbegu kutoka matunda yaliyooza zilizokuwa zikichanganywa na nzuri na kuharibu sanduku zima. Dawa nayo ilikuwa imepanda bei, na wakulima wengi waliiacha.

"Mzee," aliniuliza siku moja, "hivi kuna mtu amewahi kupima usafi wa shamba peke yake? Kutoa yaliyooza tu, bila dawa?"

Nilimwambia sikumbuki. Nilikumbuka vizuri sana. Siku ya tatu nililileta daftari, nikaliweka mezani kwake, nikabaki nimesimama. Alisoma hesabu za misimu miwili, halafu akafika kwenye yale maneno yangu.

"Nani aliandika hapa kwamba takwimu hazifai?"

"Mimi."

"Hazikufaa kwa swali lenu," alisema polepole. "Lilikuwapo swali jingine. Huyu mama yuko hai?"

"Yuko hai."

Kutokana na ukurasa ule alipanga jaribio jipya, na safari hii kutoa matunda kila wiki kulikuwa ndani ya mpango. Bonde baada ya bonde tuliona alichokuwa akikiona Mama Zuhura. Kikatolewa kijikaratasi cha ushauri kwa wakulima: kata yaliyooza kila wiki, fukia, usiyaache chini ya mti. Mkuu wa Kitengo alinituma nikaombe ruhusa ya kuliandika jina la mama yule. Nikasema nitakwenda. Nikasema barabara mbaya, mvua nyingi, mgongo unauma. Kijikaratasi kikachapwa na shukrani kwa "wakulima wa Kilosa". Niliona haya, tena haya kubwa, lakini haya yenyewe ndiyo iliyonizuia kwenda.

Nilistaafu na saa ya ukutani na hotuba nzuri. Walisema nilikuwa mwaminifu wa takwimu. Wastaafu wenzangu wanapokutana huhesabu wakubwa waliowaonea. Mimi wakubwa wangu hawakunionea. Nimehesabu matunda maisha yangu yote, na katika yote niliyoandika ni sentensi mbili tu ninazojua ziliumiza mtu. Mkuu wangu wa kwanza aliniusia kutofuta. Hakuniambia kwamba mtu anaweza kuhifadhi uongo kwa penseli na usikimbie mvua.

Mwaka huu, baada ya masika, nilipanda basi kutoka Mikumi hadi Kilosa, na kutoka Kilosa nikachukua bodaboda mpaka mwisho wa njia ya magurudumu. Zuhura mwenyewe, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, alinikaribisha kibarazani. Alikuwa anachambua mchele. Akaniketisha upande wa kulia wa mama yake kwa sababu sikio la kushoto limechoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi niliyekuwa nahesabu matunda."

"Wa penseli," alisema, akatabasamu. "Umezeeka, mwanangu. Waliposema nimeharibu kazi ya watu, niliwaambia, yule kijana ameandika nilichofanya, mbele yangu. Siku moja wenye elimu watasoma. Wamesoma?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Niliyaacha. Nilifungua daftari nikamsomea nilichoandika siku ile, kwa sauti, upande wa sikio linalosikia. Zuhura aliacha kuchambua mchele.

Mama alinigeukia. "Miaka yote hii nawaambia imeandikwa," alisema. "Na wewe ndiye niliyekutaja shahidi."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe, na sikumwomba mara ya pili. Nilimweleza habari ya Mikumi, na kwamba mabonde mengi sasa yanafanya alivyofanya yeye. Alisikiliza akitazama shamba. Miti ya mstari wa njiani ilikuwa imezeeka kama sisi, lakini sikuona tunda jeusi hata moja.

"Penseli unayo?" aliuliza.

"Ninayo."

"Basi andika."

Nilikata zile sentensi mbili kwa mstari mmoja, zikabaki zikisomeka, na pembeni nikaandika jina lake, na jina la mama yake kama alivyoagiza, kwamba walitoa matunda yaliyooza kila Alhamisi, yangali na doa dogo kama kucha, na kuyafukia shimoni mbali na miti.

"Soma."

Nikasoma neno kwa neno. Alifumba macho akisikiliza, na nilipomaliza akatikisa kichwa.

"Umeacha jivu," alisema.

Nikarudi kwenye mstari, nikaandika jivu.