Taa ya Njano na Mtihani wa Kemia

Mimi ni mtu wa kuisubiri taa. Mshale wa mafuta ukishuka hadi robo siendi kituoni. Naendelea na mizunguko yangu mpaka ile taa ya njano iwake, na ikiwaka najiambia bado zimo kilomita arobaini. Nani aliniambia arobaini? Hakuna. Mimi na mume wangu, ambaye hujaza tangi likiwa bado nusu, tuligombana juu ya jambo hili tangu wiki ya kwanza niliponunua kigari changu. Nilimjibu kwamba foleni ya kituoni inanila muda wa kushona. Nina kibanda cha ushonaji Mwanga, hapa Kigoma, karibu na soko, na muda wangu naujua mwenyewe. Ukweli ni kwamba sipendi kuambiwa.

Mdogo wangu anaishi Katonga, kando ya ziwa, anaanika dagaa na kuwauza. Ana watoto wawili, na tangu amalize kidato cha nne anataka kitu kimoja tu, kusomea uuguzi. Masomo mengine alifaulu, Kemia ikamgomea, na chuo hakimpokei bila Kemia. Akaurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akaanguka. Mwaka jana akajiandikisha tena. Aliniambia safari hii ikishindikana anaacha, kwa sababu amechoka kusoma daftari kwa mkono mmoja huku wa pili ukigeuza dagaa kwenye vichanja. Nikamwahidi kumpeleka mwenyewe. Mtihani ulianza saa mbili asubuhi, katika shule moja upande wa Ujiji, na aliyechelewa zaidi ya nusu saa haruhusiwi kuingia.

Asubuhi hiyo niliutazama mshale kabla ya kutoka nyumbani. Ulikuwa juu kidogo ya mstari mwekundu, taa haijawaka. Nikaridhika. Kosa langu lilikuwa la mtu anayeishi kwenye vilima vya Kigoma. Nyumbani naegesha gari pua ikitazama juu, na gari langu likilala hivyo, mafuta hukimbilia upande wa boya linaloendesha mshale, nao huonyesha zaidi ya kilichomo. Miezi yote hiyo nilikuwa nikiyapima mafuta mlimani. Nilipoanza kuteremka kwenda Katonga taa ikawaka. Nikasema moyoni, kilomita arobaini.

Mdogo wangu alikuwa ananisubiri nje, amevaa sketi niliyomshonea, kalamu tatu mkononi. Tulianza kupanda mlima wa kutoka Katonga, naye akinisomea majina ya chumvi na asidi, mimi nikiitikia kama ninayeelewa. Hatukufika katikati. Gari lilikohoa mara mbili, likazima.

Kelele zote zilikuwa zangu. Nililitukana gari, nikaitukana barabara, nikamtukana hata fundi aliyenijengea nyumba mlimani. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini. Bodaboda mbili zilitupita zimesheheni mabeseni ya samaki aina ya migebuka kwenda sokoni Mwanga, na madereva hawakugeuza hata shingo. Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa amefunga daftari na kuliweka mapajani. Hapo kelele zikaniisha. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

"Dada," akasema, "lirudishe nyuma. Mwaloni kuna petroli."

Kurudi kinyumenyume mteremko mzima hadi mwaloni, wanakoshushia samaki, injini imezima, usukani mgumu na breki nzito, si kazi ninayomtakia mtu. Nililia huku nikiendesha. Bahati yetu ilikuwa giza la mwezi usiku uliopita, maana dagaa huvuliwa kwa taa gizani. Ingekuwa mbalamwezi, wavuvi wasingeingia ziwani na pale mwaloni tungekuta mitumbwi mitupu. Lakini siku hiyo walikuwa ndio kwanza wanashusha samaki, na wanawake wamejaa na ndoo zao.

Mvuvi mmoja mtu mzima, wa zile familia zilizotoka Kongo, aliliona gari linaingia mwaloni kwa matako akaja akicheka.

"Shikamoo, mzee," mdogo wangu akamwamkia.

"Marahaba. Gari iko na shida gani?"

"Mafuta yameisha. Nina mtihani Ujiji, saa mbili."

Mzee aliacha kucheka. Alimtazama, kisha akanitazama mimi, dereva. "Mama, unaingiaje njiani bila dumu ya kurudia?"

Wavuvi wa huku hutenga dumu moja la mafuta ambalo haligusiki mpaka mtumbwi umegeuzwa kuelekea nyumbani. Hata samaki wawe wengi namna gani mbele, dumu la kurudia halifunguliwi kwa ajili ya kwenda. Yeye alikuwa amerudi salama, na nusu ya lake bado ilikuwemo.

"Hii iko na oili ya mashine ndani yake," alisema akilinyanyua. "Itatoa moshi, lakini itatembea. Na mimi siuzi. Utaniletea ingine."

Tukakata chupa ya maji, tukaifanya faneli, tukamimina. Gari liligoma, likagoma, kisha likawaka. Nilipiga kigelegele kama niko harusini. Tulipanda ule mlima tukiacha moshi wa bluu nyuma yetu, na tulipofika kwenye lami watu walitupungia mikono wakidhani tunaungua. Mdogo wangu alikuwa ameshafungua tena daftari. Tuliingia getini saa mbili na dakika kumi na mbili. Alikimbia bila kufunga mlango wa gari. Nilimwona msimamizi akiangalia karatasi yake, akiangalia saa, kisha akisogea kumpisha. Nikaegemeza kichwa kwenye usukani na kushukuru kwa sauti.

Kwa muda wa saa tatu nzima sikutoka pale getini. Mchana nilinunua petroli, nikachanganya na oili kama nilivyoelekezwa, nikalipeleka dumu Katonga likiwa limejaa hadi mdomoni. Mume wangu nilimsimulia mwenyewe, kabla hajasimuliwa na watu wa sokoni. Siku hizi najaza kwenye nusu, na naupima mshale nikiwa nimefika tambarare. Yeye hanicheki, isipokuwa kidogo.

Matokeo yalipotoka nilikuwa sokoni Mwanga natafuta zipu. Mdogo wangu alinipigia. Akasema, "Dada, nimepata D."

Nilikaa juu ya gunia la maharage la mama mmoja muuzaji, nikalia mbele za watu. Yule mama aliacha mizani yake akanishika bega.

"Pole, mama. Umefiwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni D."

"D ndiyo nini?"

"Kufaulu," nikasema. "Mdogo wangu anakwenda kuwa nesi."

Akanipa kanga yake nijifute, na hakuniondoa juu ya gunia.