Mayai ya Mama Siku ya Sabato

Kwetu nyumbani, chai ikikosa maziwa, ng'ombe wa mama alitajwa. Hakutajwa kwa kelele. Mama alimimina chai ya rangi kwenye vikombe vya bati, akampa baba kikombe cha kwanza kama ilivyo heshima, kisha akasema huku akitazama mlangoni, "Ng'ombe yangu ingekuwa hapa, saa hii tungekuwa tunakunywa chai ya watu." Baba aliinywa yake ikiwa moto vile vile, apate kuondoka mezani mapema.

Ng'ombe huyo aliuzwa tuliponunua shamba. Uhuru ulikuwa umekuja, na mzungu aliyekuwa na shamba kubwa njia ya kwenda Moiben aliamua kurudi kwao. Watu wakaungana kulinunua: waliokuwa wafanyakazi wake, walimu wawili, wenyeji wa hapo Uasin Gishu, na sisi tuliotoka magharibi. Kila mtu alileta hisa yake. Ya baba ilipungua, na bomani hapakuwa na kitu kingine cha kuuza. Baba hakumnyang'anya mama. Alimwomba, na mama akakubali. Nafikiri hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu mtu aliyekubali mwenyewe hana mahali pa kupeleka lawama zake isipokuwa kwenye chai.

Lazima nieleze ng'ombe huyo alipatikana vipi, la sivyo mtu atadhani shida ilikuwa maziwa tu. Mama alikuja kwa baba akiwa na kuku mmoja aliyepewa na shangazi yake. Kuku waliongezeka, akawabadilisha kwa mbuzi jike. Mbuzi alizaa wengine, naye akawabadilisha kwa mtamba, na mtamba ndiye aliyekuwa ng'ombe. Ndivyo wanawake wa kwetu walivyopanda ngazi. Shamba lilikuwa la mwanamume, mahindi yalikuwa ya mwanamume, lakini kuku walikuwa wa mama, na baba hakuwa na haki kwao ila firigisi. Kwa hiyo tulipohamia shamba jipya, mama alianza tena chini kabisa, kwa kuku. Alisema wazi kwamba hao ndio ng'ombe wake na watoto wasiwarushie mawe.

Mwaka wetu wa pili pale, ugonjwa ulipita ukawamaliza. Asubuhi moja walikuwa wamesinzia, mabawa chini. Siku chache baadaye tulikuwa tunachimba shimo. Aliyesalia alikuwa kuku mmoja mwekundu aliyekuwa analalia mayai jikoni, nyuma ya mitungi, mbali na wenzake. Mama alimtunza kuku huyo kuliko alivyotutunza sisi. Halafu siku moja kuku akatoka alfajiri kutafuta punje, na paka mwitu akamchukua kutoka kwenye miti ya miwati iliyokuwa nyuma ya nyumba. Tulipata manyoya. Mama aliyaangalia, akarudi jikoni, akayafunika mayai kwa kanga yake, akakaa kando. Nilimwona akilia na niliogopa, maana sikuwa nimewahi kumwona.

Baba ndiye aliyeleta sanduku. Lilikuwa lile la mbao nyembamba la kubebea majani ya chai, ndani limebandikwa karatasi inayong'aa. Kabla ya Uhuru alikuwa amewahi kuja kufanya kibarua katika nyumba ya kuku ya yule mzungu, ambako kulikuwa na mashine ya kutotoa vifaranga kwa mafuta ya taa, na kazi yake ilikuwa kuijaza. Mashine ilishauzwa mnadani pamoja na viti na piano, lakini baba aliikumbuka. Aliliweka sanduku wima, akakata mlango chini, akaingiza taa ya kandili. Juu ya taa aliweka kipande cha bati ili moto usiguse kitu, juu ya bati akatandaza waya, na juu ya waya akaweka manyoya ya kondoo yaliyokuwa yamejaa kwenye gunia la jirani, mayai yalale humo. Mkebe wa maji ukakaa pembeni ili hewa isikauke. Mlango ukafunikwa na gunia.

"Kuku ni kuku," mama alisema. "Hii ni sanduku."

"Yai haijui," baba akamjibu. "Yai inataka joto tu."

Kipimajoto hatukuwa nacho. Baba alichukua yai akaligusisha kwenye kope la jicho lake lililofumbwa. Ukihisi linakupoza, ongeza utambi. Ukihisi linakuchoma, punguza. Usipohisi kitu, liko sawa. Mama alijifunza upesi na baada ya siku chache hakumwamini tena baba kwa kope lake. Aliweka alama ya msalaba kwa penseli upande mmoja wa kila yai, akawa anayageuza asubuhi na jioni. Nyumba yote ilinuka mafuta ya taa. Hata ugali ulinuka. Kila jioni mama aliliweka yai moja moja mbele ya tochi, akatuonyesha mishipa myekundu ndani, na yale yaliyokuwa meupe matupu akayatoa. Alianza kuimba tena jikoni, na sote tukapumua.

Sasa, sisi tulikuwa watu wa Jumamosi. Jua la Ijumaa likizama, kazi ilikwisha mpaka jua la Jumamosi lizame. Chakula kilipikwa Ijumaa, viatu vilipigwa rangi Ijumaa, maji na kuni viliingizwa Ijumaa, na moto haukuwashwa katika nyumba yetu siku ya Sabato kwa sababu yoyote. Ulioachwa ukiwaka ungeendelea kuwaka ukipenda. Ukizimika, umezimika. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na katika jambo hili alikuwa mgumu kama kigogo cha mwati. Sanduku alilipangia hivyo: kila Ijumaa jioni aliijaza kandili mpaka shingoni, ikamvusha hadi Jumamosi usiku.

Ijumaa ya mwisho kabla ya mayai kuanguliwa ilikuwa ya Julai. Aliyeishi nyanda hizi anaijua Julai yake, ukungu unakaa mpaka saa nne na umande unauma miguu kwa baridi. Baba aliijaza taa mapema, tukaimba, tukaomba. Kabla ya kulala mama aligusa yai kwa kope akasema limepoa. Baba akapandisha utambi; kupandisha si kuwasha. Wote wawili walikwenda kitandani wakiwa wameridhika, na hakuna aliyewaza kwamba utambi mkubwa unakunywa zaidi, na mafuta ni yale yale.

Asubuhi kandili ilikuwa imekufa, kioo chake cheusi tititi. Mama aliinua yai, akaliweka kwenye kope, kisha sikioni. Akaita kwa sauti ambayo iliniamsha.

"Zinagonga! Baba, njoo usikie, zinagonga ndani!"

Baba alisikiliza. Hata mimi nilipewa moja nisikilize: kulikuwa na mguso mdogo, kama ukucha kwenye meza, na sauti nyembamba ndani yake. Walikuwa hai, walikuwa karibu kutoka, na walikuwa wanapoa. Mama alikuwa tayari ameshika kiberiti.

"Hapana," baba alisema.

"Ntajibu mimi kwa Mungu. Wewe toka nje, usione."

"Mama, hapana. Si katika nyumba hii."

"Basi niite jirani awashe. Yeye ni wa Jumapili."

"Mkono wa jirani ukitumwa na wewe, ni mkono wako."

Mama alikiweka kiberiti mezani polepole. "Ng'ombe yangu ilienda," alisema. "Nilinyamaza, ikaenda. Sasa na hizi nazo nikae niangalie zikifa?"

Nilimchukia baba wakati ule. Nasema ukweli. Niliona mwanamume mnene aliyevaa shati la kanisani, tai shingoni, akitazama sanduku na kutofanya lolote. Kisha akaanza kufungua tai. Akavua koti, akavua shati, akabaki na fulana, akavaa sweta yake nzito ya kazini juu yake. Baba alikuwa mtu wa joto; wakati wa baridi sisi watoto tuligombania kulala upande wake. Alipanda kitandani, akalala kwa ubavu, akakunja magoti.

"Lete hapa," alisema. "Weka ndani ya sweta, kwa tumbo. Halafu nifunike."

Mama alimtazama. "Na somo? Si wewe unaongoza leo?"

"Mwambie mzee mwenzangu aniongozee. Wakiuliza, sema nimelala. Usiseme ni mgonjwa, hiyo itakuwa uongo."

Mama aliyapanga mayai moja moja, akamfunika kwa blanketi mbili, akaondoka na wadogo zangu kwenda kanisani. Mimi nilibaki kumpa baba maji. Hakuweza kugeuka. Baada ya muda alianza kukunja uso, na mguu mmoja ukafa ganzi, akaniambia niukande. Aliongea na tumbo lake kidogo akidhani sisikii.

Kanisani, kama tulivyosikia baadaye, mama alisema ukweli mtupu: amelala. Watu walitazamana. Mwanamume ambaye hajawahi kukosa Sabato hata moja, hata alipokuwa na malaria, leo amelala! Wengine walianza kulia kabla ya somo kwisha. Ibada ilipofungwa hawakwenda kula. Walikuja kwetu moja kwa moja, mstari mrefu ukipita katikati ya mahindi, na mama nyuma akihema na mtoto mgongoni, akijaribu kueleza na hakuna anayemsikiliza.

Walijaa chumba chote. Mzee mwenzake baba, mtu mrefu mwenyeji wa pale, alipiga magoti kando ya kitanda, na wote wakapiga magoti. Baba alifungua mdomo aseme kitu, lakini maombi yalikuwa yameshaanza na baba hakuwa mtu wa kukatiza maombi. Yule mzee aliombea kichwa chake, akaombea kifua, akateremka. Alipofika tumboni, tumbo likajibu. Lilitoa sauti nyembamba, kali, kisha ya pili.

Maombi yalikatika. Nilifungua macho nikakuta wote wamefungua yao.

"Endelea tu, mzee," baba alisema kwenye mto. "Siumwi. Nalalia mayai."

Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na mlango alianza kucheka, akajaribu kuziba kwa kitambaa, ikashindikana, na nyumba nzima ikaanguka kicheko. Yule mzee peke yake hakucheka. Alitaka kuelewa. Mama akaeleza yote, kandili, kiberiti, jirani wa Jumapili. Mzee aliinua blanketi kwa ncha, akatazama, akarudisha.

"Na hii si kazi, ndugu yangu?"

"Nimelala," baba akasema. "Kulala si kazi."

Mzee alifikiri kwa makini kama anavyofikiri mtu anayejua kwamba wengine watamuuliza Jumamosi ijayo.

"Sawa," alisema hatimaye. "Kama ni kulala, basi lala. Usiamke mpaka jua lizame."

Baba alitii. Watu walikula chakula chetu cha baridi uani, wakarudi makwao wakicheka njia nzima, naye alikaa vile vile kwa ubavu ule ule mchana wote, fulana ikilowa, vifaranga wakitoka mmoja baada ya mwingine na kumkwangua tumbo. Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda akiwatoa na kuwakausha kwa kona ya kanga. Mayai mengine hayakugonga tena. Yalikuwa yamepoa mno. Zaidi ya nusu yalitoka. Jua lilipozama nyuma ya miwati mama aliijaza kandili akaiwasha, akawaweka vifaranga kwenye sanduku, kisha akawasha moto na kubandika sufuria.

Baba aliamka akatembea mpaka mezani akiwa amepinda upande mmoja. Mama akamimina chai ya rangi, akampa kikombe cha kwanza, akatazama mlangoni. Sisi watoto tulingoja ng'ombe atajwe.

"Baba," mama alisema, "ubavu bado inauma?"