Nilimkataza Mke Wangu Dirisha la Wazee

Mimi ndiye niliyempofusha mke wangu. Sikumpiga. Ni kiburi changu tu, jamani!

Nilistaafu udereva wa ofisi hapa Dodoma, tukahamia kwenye kanyumba ketu Msalato. Nina miaka sitini na tano, na mke wangu amenizidi mmoja. Uzee niliuficha kama mali ya wizi! Kijana akinipa shikamoo, naitikia "poa".

Mwenyekiti wa mtaa alipotangaza wazee wajiandikishe watibiwe bure, mke wangu aliinua mkono. Nikaushusha, watu wakitazama.

"Kwangu hakuna wazee!"

Wakacheka. Nikajiona kidume.

Njiani akaniambia, "Baba Neema, macho yananiuma. Taa naiona ina duara la rangi. Niache nikatibiwe, kuna aibu gani?"

"Ukipanga foleni dirisha la wazee, lala hukohuko."

Aliniogopa, hakwenda. Nikamnunulia miwani ya mnadani, nikaona nimemaliza kazi.

Siku moja akalisalimia koti langu lililoning'inia mlangoni. "Bwana asifiwe mchungaji, karibu ukae." Nilicheka mpaka mbavu zikauma! Nikaenda kusimulia kilabuni, nikamuigiza na sauti yake. Mungu wangu, nilikuwa nacheka nini?

Binti yetu Neema alipokuja kutoka Kongwa, alimkuta mama yake amejimwagia uji wa moto mkononi. Akampeleka hospitali siku ileile. Mimi nyuma, nanung'unika.

Daktari alimmulika macho, kisha akanigeukia.

"Mlikuwa wapi? Hii ni presha ya macho. Ikishayaua, hayarudi."

Mke wangu hakulia. Aliuliza tu, "Ningekuja yalipoanza kuuma?"

"Tungeyaokoa, mama."

Akageuka kunitafuta. Akakosea, akaukodolea ukuta.

Sasa anaishi kwa Neema. Nilikwenda Kongwa kuomba msamaha, nikapiga hodi, nikaishia uani.

"Shikamoo baba," Neema akasema, mlango kaushika. "Mama amekusikia. Amejifunika shuka gubigubi, anatetemeka. Rudi tu nyumbani."

Anatetemeka! Mwanamke niliyezaa naye, anaiogopa sauti yangu gizani.

Wanaume wenzangu, umri haufukuziki kwa ubabe. Mkeo akisema anaumwa, mpeleke leo, hata kama foleni yenyewe ni ya vikongwe watupu. Mkiipanga pamoja, hamtakufa kwa aibu.

Mimi macho yangu ni mazima kabisa. Ninayo mawili, na sina namna ya kumpa hata moja.