Mbuzi wa Kitambaa Hana Midomo

"Hapana dada, sijasema televisheni ni mbaya. Nimesema mtoto wako anaimba wimbo ambao hausikii."

Nilimwambia hivyo dada yangu leo mchana, akacheka sana. "Kama hasikii, anaimbaje, sha? Umemaliza sekondari juzi, leo umeshakuwa daktari?"

Naandika sasa hivi, nikiwa bado na hasira, maana nikilala nitaanza kumkubalia.

Nakaa kwake hapa Kabeza. Yeye anauza nguo soko la Kabuga, mimi nabaki na binti yake, ambaye shule zikifunguliwa anaanza chekechea. Kuna kipindi cha watoto tunachoangalia. Kina mtangazaji, msichana mwenye tabasamu kubwa, na mbuzi wa kitambaa anayechezeshwa na mkono wa mtu aliyejificha. Mbuzi anaimba kuhusu kunawa mikono, kuhusu rangi. Dada anakipenda, anasema kimemfundisha mtoto kuliko sisi wote.

Mimi nilianza kwa kumshuku huyo mbuzi. Mtoto alikuwa amekuwa mkaidi, unamwita toka mlangoni, hageuki. Nikasema televisheni imemharibu. Dada akasema hiyo ni jeuri ya ukoo wa baba yake.

Halafu nikaacha kuangalia televisheni, nikawa namwangalia mtoto. Mtangazaji akiimba, anaimba naye, macho kwenye mdomo wake. Mbuzi akiimba peke yake, mtoto ananyamaza na kutugeukia sisi. Tukicheka, anacheka. Mdomo wa mbuzi unafunguka na kufungika tu, kama mlango wa kabati, mtu atasoma nini pale? Na ndege zikishuka uwanja wa Kanombe, mabati yanatetemeka, watoto wa jirani wanakimbilia uani. Yeye anainua kichwa akishaona wao wameinua.

Sasa leo dada alirudi mapema, akakaa kukunja nguo. Nikavaa soksi mkononi, nikajificha nyuma ya kiti. Soksi ikauliza, kwa sauti ya kufika hadi kwa jirani, "Nani anataka andazi?" Mtoto akaichekea soksi, akaivuta. Andazi hakuomba. Nikauliza tena, akaendelea kuvuta.

Nikatoka pale nyuma, nikamwangalia usoni, nikasema maneno yale yale kwa midomo tu, bila sauti. Akanyoosha mikono yote miwili.

Dada aliacha kukunja nguo.

"Mtoto iko sawa," akasema. "Anacheza tu."

"Basi vaa wewe hiyo soksi."

Hakuivaa. "Ukimpeleka kwa daktari wakasema ni kiziwi, shule gani itampokea?"

"Na usipompeleka? Mwalimu akigeukia ubao, huyu atasoma mdomo wa nani? Watasema ni mjinga, na wewe utasema ni jeuri."

"Wewe una mdomo sana."

"Ninao, na mwanao anausoma."

Hapo hakucheka. Nikaenda jikoni kutoa maharage motoni, na niliporudi nikasimama mlangoni. Dada alikuwa amepiga magoti nyuma ya mtoto. Alimwita jina, taratibu. Akamwita tena kwa nguvu kidogo. Mtoto alikuwa anachomoa uzi wa soksi, wala hakugeuka. Dada akaniona, akainuka, akarudia nguo zake kama hakuna kitu.

"Kesho siwezi," akasema. "Nina wateja Kabuga."

Hakusema nisiende. Kwa hiyo kesho asubuhi, yeye akishapanda basi, nachukua mituweli ya mtoto, ile kadi ya bima ya afya, tunashuka wawili kituo cha afya kabla foleni haijajaa. Wakiniuliza ana shida gani, nitasema masikio. Na soksi nitaibeba, wasije wakaniambia anacheza tu.