Dole la Kaka

Fundi alizaliwa akimfuata kaka yake, na tangu siku hiyo hakuacha kumfuata. Utotoni kaka alifungua redio ya baba yao ili awaonyeshe watoto wa jirani yaliyomo tumboni mwake. Mdogo wake ndiye aliyebaki sakafuni akirudishia skrubu mpaka ikaongea tena. Baba aliporudi alimsifu mwanawe wa kiume kwa akili. Mtu ukizoezwa hivyo mapema, ukubwani hutahitaji kulazimishwa.

Ukubwani kaka akaanzisha kampuni. Tuiite kampuni, maana mwenyewe aliiita hivyo hata ilipokuwa meza moja juu ya duka la rangi, katika chumba ambacho ukikaa mpaka adhuhuri harufu inakupanda kichwani. Walikuwa watatu: kaka, aliyejipa cheo cha Mkurugenzi; dada mtu, aliyeiandika programu yenyewe tangu mstari wa kwanza, ndiyo maana wakamwita Fundi; na Msanifu, bwana mmoja mwenye vipokea sauti masikioni kutwa kucha, ambaye kazi yake ilikuwa kuchagua rangi za vitufe, kisha kuzibadilisha. Programu iliitwa Bega kwa Bega. Iliwawezesha watu walio mbalimbali kufanya kazi pamoja mtandaoni: wagawane majukumu, waandikiane, wakubaliane, pasipo mtu kuinuka kitini.

Maneno, Mkurugenzi alikuwa nayo. "Sisi tunaunganisha watu," alikuwa akisema, kwenye simu, ngazini, hata msalani mlango ukiwa nusu wazi. Na ili awaunganishe watu wake mwenyewe akaweka sheria: ofisini hakuna kuongea mambo ya kazi kwa mdomo. Kila kitu kiandikwe ndani ya Bega kwa Bega, na aliyesoma aweke dole gumba. Dole maana yake nimesoma, nimekubali, tusonge mbele. Basi watu wazima watatu wakawa wanakaa meza moja, magoti yakigusana, wakiandikiana kuazimana waya wa chaji. Ukithubutu kufungua mdomo, Mkurugenzi anakuonyesha skrini kwa kidole, bila kukutazama.

Fundi akiandika kwamba mafaili yanapotea mtandao ukikatika, dole. Akiandika kwamba ameshayarekebisha, dole. Msanifu akiuliza waweke kijani au bluu, dole. Mkurugenzi alipita kwenye ujumbe wa wenzake kama karani anayegonga mihuri, hasomi hata neno, halafu anajigamba kwamba hajawahi kumchelewesha mtu. Zamani hiyo ilikuwa dharau. Siku hizi inaitwa ufanisi, na watu wanaalikwa kwenye semina kuifundisha. Yeye alialikwa mara kadhaa.

Fundi alivumilia. Alivumilia hata gazeti lilipotoa picha ya kaka yake ameegemea kompyuta ambayo si yake, na chini wameandika "aliyeibuni peke yake". Ila siku moja mama yao alimuuliza kwenye simu, kwa upole kabisa, "Na wewe mwanangu, pale kwa kaka yako unamsaidia nini?" Hapo kitu kikamkatika. Hakulia. Alivuta kiti, akaandika mahali sheria ilipotaka paandikwe:

"Kaka, nimechoka. Mwisho wa mwezi naondoka. Kama unataka nibaki, niambie kwa mdomo wako. Ukiweka dole tu, nitajua umeniruhusu niende."

Dole likaja kabla hajaondoa mikono kwenye kibodi. Baadaye kidogo likafuata la Msanifu. Fundi akainua macho: kaka yake alikuwa ng'ambo ya meza, anatafuna kalamu, anachekeana na simu yake.

Na Fundi je, hakuwa na mdomo? Alikuwa nao. Angesema "kaka", naye angegeuka. Lakini sheria ile ya kipuuzi ilikuwa imemwingia mpaka kwenye damu, na tena alikuwa na kiburi chake: alitaka abembelezwe. Akangoja. Asubuhi akipanda ngazi alijiambia leo atasoma, leo ataniuliza. Jioni akashuka kama alivyopanda. Inauma kumuaga mtu asiyejua kwamba ameagwa. Aliumia, na kazi akaendelea kuifanya.

Mwisho wa mwezi ukaangukia siku ya mteja. Mteja wa kweli, wa kwanza: mama mwenye kampuni ya usafi, ambaye wafanyakazi wake wametawanyika kwenye majengo ya mji mzima. Mji ulimwita Mama Usafi. Mkurugenzi alivaa koti, akaazima projekta, akaamuru kila mtu atabasamu. Aliamuru kwa maandishi. Fundi akaja na mkoba, na kabla mgeni hajafika alitia humo kikombe chake na kandambili zake za ofisini. Vitu vyake vyote vikaenea.

Mama Usafi alimwacha Mkurugenzi amwage sera zake mpaka akaishiwa pumzi.

"Mwanangu, nimekusikia," akasema. "Mimi shida yangu moja. Msimamizi ananiambia amewaambia, wenzake wanasema hawakuambiwa. Hii yako itanisaidia nini?"

"Hapo ndipo penyewe, mama. Humu kila neno lina dole. Mtu akishaweka dole, hana pa kukania."

"Basi nionyeshe ya kwenu. Sio hizo za mfano."

"Sasa hivi. Sisi hapa hatufichani kitu." Akafungua ukurasa wa ofisi yao, akabofya palipoandikwa Makubaliano, na madole yakajaa ukuta mzima. "Chagua lolote."

Mama Usafi akavaa miwani. "Hili la Fundi."

Mkurugenzi akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya kuuzia. "Kaka, nimechoka. Mwisho wa mwezi naondoka..." Sauti ikamfia njiani. Yaliyobaki kila mtu alijisomea, maana projekta ya kuazima ilikuwa nzuri. Chini yake yalikaa madole mawili na majina ya wenyewe.

Msanifu akavua vipokea sauti. Hawakuwa wamewahi kuyaona masikio yake.

"Mwisho wa mwezi si leo?" Mama Usafi akauliza.

Fundi alimkazia macho kaka yake. Hata hapo angebaki. Neno moja lingetosha, neno lolote, na mkoba angeutua. Mkurugenzi akafungua mdomo, ule mdomo uliozoea magazeti na semina, ukabaki wazi bila kazi, akaufunga. Kisha akachukua simu yake mezani, akainamisha kichwa, vidole vikaanza kukimbia.

Simu ya Fundi ikatetemeka mkobani. Na kwa kuwa ukurasa ulikuwa bado wazi ukutani, wote wanne waliuona ujumbe ukiingia: "Mdogo wangu, nakuomba usiondoke. Tuongee."

Fundi akausoma mpaka mwisho. Akatoa simu, akauwekea dole, akashuka ngazi.