Ubavu Utapona

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, mwanangu, siku niliyokaribia kumuua rafiki yangu kwa kumhurumia.

Nilikuwa kapteni wa timu yetu karibu na Kapsoit, kijana mwenye miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kando ya uwanja kulikuwa na kituo cha kupimia majani ya chai, na karani wake alikuwa Mama Akinyi, mtu wa upande wa ziwani. Kwenye kiwanda cha chai walikuwa wamemfunza huduma ya kwanza. Sisi tulimwona akifunga vidole vya wachumaji tu, basi nikambandika jina: Daktari wa Plasta. Likashika. Yeye alicheka, akaendelea kupima.

Siku hiyo kipa wetu Kibet, niliyetahiriwa naye, alipigwa na mpira kifuani. Akatembea hatua mbili, akaanguka. Tulipomgeuza alikuwa akikoroma, mmoja akasema amezimia tu, amwagiwe maji. Mimi niliona ardhi ni ngumu mno kwa mtu ninayempenda. Tukambeba hadi kwenye pikapu ya kubebea majani, tukamlaza juu ya magunia ya majani mabichi, laini kuliko kitanda chake.

Mama Akinyi alikuja mbio, kalamu bado sikioni.

"Mshusheni."

"Mama, tunachelewa hospitali."

"Huko kukoroma si kupumua. Utafikisha nini hospitali? Mshushe chini, kapteni."

Tukamlaza kwenye murram, changarawe ngumu ya barabarani. Mama Akinyi akamtuma dereva wa pikapu alete nesi wa zahanati, kisha akapiga magoti. Kiganja juu ya kiganja, katikati ya kifua, mikono imenyooka, akabonyeza kwa nguvu na kwa haraka huku akihesabu kwa sauti. Mwanangu, nimeona mabao mengi katika uwanja ule. Sijaona kitu kizuri kama mikono ya yule mama. Alipochoka alinivuta nishike nafasi yake, nami nikabonyeza kwa woga.

"Unampapasa? Mke wake atakuuliza," akasema. "Tia uzito."

Nikatia. Kitu kikalia ndani ya kifua, tak. Nikaondoa mikono.

"Ubavu utapona," akasema, akiirudisha mikono yangu mahali pake. "Yeye je?"

Tulipokezana, yeye na mimi na wenzangu, hadi fulana zetu zikalowa. Nilikuwa nimeanza kuwaza nitamwambia nini mama yake Kibet, ndipo Kibet mwenyewe akakohoa, akavuta pumzi ndefu yenye kelele. Pikapu iliporudi na nesi, Kibet alikuwa akilalamika ubavu.

Analalamika hadi leo, na wajukuu wake wanamsikiliza. Lile jina sikulitamka tena. Jumatatu nilimfuata Mama Akinyi kwenye mizani, nikamwomba anifunze. "Kuja na timu yote," akasema, bila kuinua macho.

Basi, mwanangu, mchezaji akianguka, akiitwa haitiki na hapumui sawasawa, mlaze pagumu. Mtu aite gari la wagonjwa. Wewe bonyeza katikati ya kifua, kwa nguvu, haraka, ukikiacha kiinuke kila mara. Pokezaneni, msiache mpaka apumue au msaada ufike. Usiogope kumuumiza. Na anayejifunza kazi kimya kimya kando ya uwanja, mheshimu kabla hujamhitaji.

Mungu aitie mikono yako uzito siku hiyo, na kila unayecheza naye arudi nyumbani kwa miguu yake.